Nahodha Wetu na Vijana Wawili

Wasomaji wa jarida letu wataniwia radhi kwa kuwaletea habari za mpira mahali ambapo wamezoea kusoma habari za ngeli, za ushairi na za mitihani. Nimesita kwa muda mrefu kuyaandika haya. Lakini jambo lenyewe lilinikuta mimi mwalimu wa Kiswahili, tena lilinikuta kwa sababu ya umri wangu na kwa sababu ya lugha ninayoifundisha, na kila ninapolisimulia kwa mdomo naona nimelisimulia vibaya. Labda kwa kalamu nitafaulu zaidi.

Kwa muda wa miaka 15 nimekuwa katibu wa timu moja ndogo ya mpira wa kikapu hapa Kampala. Jina lake sitalitaja, maana nitakayoyasema hayaipambi. Wale wanaoufuata mchezo huu wanayajua majina makubwa ya mji wetu: wanawajua City Oilers, waliotwaa ubingwa wa taifa mara saba mfululizo tangu mwaka 2013 hadi 2019, na wengineo wanaoujaza watu ukumbi wa Lugogo usiku wa fainali. Sisi tuko daraja la chini. Uwanja wetu wa mazoezi ni wa saruji, hauna paa, uko mtelemkoni upande wa Wandegeya, na mvua za Aprili zikianza tunashika fagio kwanza, mpira baadaye. Mchezaji hatumlipi mshahara. Tunampa nauli ya bodaboda, maji ya kunywa, na siku ya ushindi tunampa chapati iliyozungushiwa mayai ambayo watu wa Kampala huiita rolex. Mimi mwenyewe sikupata kuucheza mchezo huu hata siku moja. Niliingia kwa kuwa wanafunzi wangu wawili walikuwamo, na timu ilikuwa inatafuta mtu mwenye mwandiko unaosomeka.

Nahodha wetu alikuwa ametuchezea misimu 14. Alikuja akiwa kijana wa miaka 22, fundi wa umeme, si mrefu sana kwa kipimo cha mchezo huo, lakini alikuwa na macho ambayo sijayaona kwa mtu mwingine. Alikuwa akitazama kushoto na mpira ukafika kulia, mkononi mwa mwenzake ambaye hata yeye mwenyewe hakujua kwamba yuko wazi. Mpira ulipokuwa bado hewani, kabla haujagusa pete, alikuwa amekwisha kuanza kwenda mahali utakapoangukia. Watu walikuwa wakitoka Makerere Kikoni na Mulago, jioni baada ya kazi, kuja kumtazama yeye, wala si sisi.

Katika misimu ile ya mwisho mambo yalikuwa yamebadilika. Goti la kulia alilifunga kitambaa cha mpira kabla ya mchezo, na baada ya mchezo alilikandamiza barafu aliyoinunua kwa muuza samaki. Vijana wa miaka 19 walimpita kama gari linavyolipita lori lililoharibika kando ya barabara. Hata hivyo, zikibaki dakika mbili na pointi ziko sawa, wachezaji wetu wote wanne waligeuza nyuso kumtafuta yeye. Hilo nalo lilikuwa sehemu ya matatizo yetu, ingawa wakati ule sikuliona hivyo.

Kuna jambo moja zaidi juu yake ambalo lazima nilitaje. Mimi na yeye tulisema Kiswahili. Yeye alizaliwa West Nile, baba yake alikuwa askari, na lugha hii aliinyonya kambini pamoja na maziwa ya mama. Wasomaji walioko Dar es Salaam au Mombasa huenda wasijue maana yake hapa kwetu. Mjini Kampala wako watu wa rika langu ambao, wakisikia Kiswahili, bado wanasikia sauti ya kizuizi cha barabarani cha miaka ya 1970. Nimekifundisha katika hali hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Kwa hiyo mtu ambaye naweza kukaa naye kwenye benchi la mbao, tukazungumza Kiswahili bila kutazama nyuma, alikuwa kwangu zaidi ya mchezaji.

Basi, mwanzoni mwa mwaka 2023 ililetwa rai. Klabu nyingine, mpya, iliyoanzishwa na mfanyabiashara mmoja mwenye uwezo, ilikuwa na vijana wengi wenye nguvu lakini haina mtu wa kuwatuliza. Walimtaka nahodha wetu. Angecheza kidogo, angemsaidia mwalimu wa timu, na angepewa posho kila mwezi. Sisi tungepewa vijana wawili: mmoja wa miaka 20, mwenye urefu unaozidi mita mbili, na mwingine wa miaka 19, mwenye mbio za ajabu. Kwetu mabadilishano ya namna hiyo si desturi kama ilivyo Marekani, ambako timu huweza kumpeleka mchezaji mji mwingine kama mzigo wa posta. Hapa ni barua tu: klabu hii inamwandikia fulani barua ya ruhusa, na ile inaandika zake mbili. Lakini barua tatu zikiandikwa siku moja, kila mtu anajua kilichotendeka.

Halmashauri yetu ina watu watano, nasi tulikutana jioni katika chumba cha nyuma cha duka la mtunza hazina. Yeye ndiye aliyeanza. Ni mtu wa Ankole, na watu wa kule hawazungumzi jambo zito bila kuwaleta ng'ombe. Alisema mtu mwenye akili, akiambiwa atoe fahali aliyechoka apewe ndama wawili, hauulizi ukoo wa fahali. Mwenyekiti akajibu kwamba nahodha si fahali. Mtunza hazina akasema anajua, ndiyo maana hakusema achinjwe.

Hapo kijana wetu, mjumbe wa nne, ambaye hukesha akitazama michezo ya Marekani kwenye simu yake, akatuletea habari za Hakeem Olajuwon. Nawaeleza wasioijua. Olajuwon alizaliwa Lagos, Nigeria, na utotoni alizoea zaidi mpira wa mikono na kulinda goli la kandanda. Mwaka 1984 timu ya Houston Rockets ilimchagua wa kwanza kabla ya vijana wote wa mwaka ule, naye akailetea ubingwa mara mbili, 1994 na 1995. Alikuwa Mwislamu aliyecheza akiwa amefunga Ramadhani, tena akacheza vizuri. Baada ya misimu 17 katika mji ule, mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 38, alipelekwa Toronto, Canada. Na Houston ilipokea nini? Ilipokea haki mbili za kuchagua vijana wa siku za mbele, yaani watu ambao siku ile hata majina yao hayakujulikana. Toronto alicheza msimu mmoja tu. Mgongo ulimshinda, akastaafu mwaka 2002.

"Mnaona?" akasema kijana. "Houston hawakupoteza kitu. Alikuwa amekwisha."

"Na hao vijana wawili walikuwa nani?" mwenyekiti akauliza.

Kijana akatafuta kwenye simu. Haki ya kwanza walimchagua Bostjan Nachbar wa Slovenia, mchezaji wa kadiri tu, ambaye hakudumu Houston. Kijana aliyeibadilisha Houston kweli kweli aliingia mwaka uleule wa 2002 kwa mlango mwingine kabisa: alikuwa Yao Ming, Mchina, aliyechaguliwa kwa haki iliyokuwa ya Houston wenyewe. Kwa hiyo habari ileile moja ilitumiwa na pande mbili. Mtunza hazina aliona humo kwamba mzee hakuwa na thamani tena, na mwenyekiti akaona kwamba mzee alitolewa kwa bei ya bure. Nimefundisha ufahamu kwa miaka mingi na sijapata kuona kifungu kilichojibiwa kinyume namna hii na wote wakastahili maksi.

Aliyekuwa hataki mabadilishano, mjumbe wa tatu, mama mmoja ambaye mwanawe alichezea timu yetu zamani, hakuwa na habari za Marekani. Yeye alitukumbusha wetu. Alimtaja Philip Omondi wa KCC, aliyefunga mabao matatu katika Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1978 kule Ghana akawa miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano yale. Omondi, alisema, alizeekea mikononi mwa watu wake, na miguu ilipochoka akawa mwalimu wa KCC ileile. Mtunza hazina akamjibu kwa nahodha wa timu ileile ya 1978, Jimmy Kirunda, aliyecheza Express, kisha KCC, kisha Villa, na hata leo mashabiki wa kila upande wanamwita wao. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka 11 mwaka ule. Siku ya fainali tulikaa kuizunguka redio ya jirani, Ghana wakatufunga mawili kwa bila, na mzee mmoja akaizima redio kabla mtangazaji hajamaliza, akaondoka nayo ndani kana kwamba redio ndiyo iliyofungwa. Waliponitajia majina yale nilirudi kwenye ua ule, nikaacha kusikiliza kwa dakika kadhaa. Naliungama hilo kwa sababu mikutano mingi ya wazee kuhusu vijana huendeshwa namna hiyo.

Kijana akarudi tena na Kobe Bryant wa Los Angeles. Mwaka 2013, miezi michache baada ya kukatika kano ya kisigino, timu yake ya Lakers ilimpa mkataba wa miaka miwili wa zaidi ya dola milioni 48, kwa heshima ya aliyowafanyia. Msimu wake wa mwisho, 2015 hadi 2016, timu ilishinda michezo 17 ikashindwa 65, hali mbaya kuliko zote katika historia yake. Usiku wa mwisho, tarehe 13 Aprili 2016, mzee yule alifunga pointi 60 peke yake, na watu wakalia ukumbini.

"Sasa nani aliyefaidika?" akauliza mtunza hazina.

"Waliolia," akajibu yule mama.

Ilikuwa imetimia saa tatu usiku. Tulikuwa tumezungumza juu ya Lagos, Houston, Toronto, Los Angeles na Accra. Nayatazama leo maandishi niliyoyaandika mimi mwenyewe usiku ule, kurasa nne, na sioni mahali hata pamoja ambapo mtu aliuliza nahodha mwenyewe anataka nini. Goti lake limetajwa mara saba. Jina lake limetajwa mara nyingi zaidi. Lakini yeye hayumo.

Kura zikawa mbili kwa mbili. Mwenyekiti na yule mama walitaka abaki. Mtunza hazina na kijana walitaka aende. Mwenyekiti akanigeukia. "Mwalimu, umebaki wewe."

Sasa nafika kwenye lile linalonisumbua. Nimebakiza muda mfupi kufikia umri wa miaka 60, ambao kwa mtumishi wa serikali ya Uganda ndio wa kustaafu. Kwa miaka mingi nilifundisha Kiswahili kwa wanafunzi 12, pengine 9, katika chumba kilichokuwa stoo ya vitabu. Kisha mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuelekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Tuliokuwa tukikililia kwa miaka yote ile tulipongezana. Muda si mrefu akaletwa shuleni kwetu mwalimu kijana, mwenye shahada, mwenye sauti nzuri, anayejua kuonyesha masomo ukutani kwa mashine. Mwanzoni mwa mwaka 2023, siku chache kabla ya mkutano ule wa dukani, niliitwa ofisini nikaambiwa kwa adabu kubwa kwamba darasa la sita, ambalo nimelipeleka kwenye mtihani miaka yote, sasa atalichukua yeye, ili mimi nipate nafasi ya kupumzika. Nilishukuru. Nilitoka nje nikasimama chini ya mwembe nikijifanya nasoma ubao wa matangazo.

Kwa hiyo waliposema "mzee amechoka," nilisikia jina langu. Nikawa na hofu kwamba nikisema abaki, wote mle chumbani watajua kwamba ninajitetea mimi. Pengine hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa akinifikiria. Lakini hofu ile ilinishika barabara, na ili nisionekane mtu anayewapendelea wazee kwa kuwa ni mzee, nikasema aende. Nililisema kwa sauti ya mtu mwenye haki. Mtunza hazina alinipa mkono. Mpaka leo sijui ningepiga kura gani kama ningekuwa na miaka 30, na nadhani hili ndilo jambo lisilosemwa katika mabishano yote ya namna hii, yawe ya Houston au ya Wandegeya. Tunaomtetea mchezaji mkongwe aghalabu tunatetea siku zetu wenyewe tulipokuwa tukimtazama. Tunaotaka aondoke tunatibu hofu zetu wenyewe. Mtu anabaki pembeni amekaa na barafu yake gotini.

Nikapewa kazi ya kuandika barua. Mambo ya klabu tunayaandika kwa Kiingereza, lakini kwa nahodha niliona ni aibu kutumia lugha ambayo hatukuizungumza sisi wawili. Usiku ule nikakaa na daftari kutafuta neno. Kwa Wamarekani neno la tendo hili ndilo lilelile la biashara ya dukani, nao hawaoni vibaya. Kwetu, nilianza na "kuuza," nikalifuta, kwa sababu hatukupokea fedha. "Kubadilishana" nikaliona ni la mbuzi na magunia. "Kuhamisha" ni neno la serikali kwa watumishi wake. Mimi mwenyewe nimehamishwa mara tatu na najua ladha yake. Hatimaye nikapata "kuachia." Klabu imeamua kukuachia. Nilipenda lilivyokaa katika sentensi, lina upole, lina hewa, kama mtu anayefungua kiganja. Saa sita za usiku nikalala nikiwa nimeridhika na Kiswahili changu.

Jumamosi asubuhi nilimfuata Katwe, mahali pa mafundi, ambako alikuwa na kibanda chake cha kutengeneza mota. Tulikwenda kukaa kwa mama mmoja auzaye katogo. Ndizi na matumbo vikaletwa, moshi ukawa unapanda kati yetu, nami nikampa bahasha. Aliisoma polepole, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya sahani ili upepo usiichukue.

"Mwalimu, Kiswahili chako ni kizuri," alisema. Kisha akasema, "Mmeniachia. Kwani nani alikuwa amenishika?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kumweleza juu ya kura. Akanyanyua mkono kunizuia, si kwa hasira. Habari alikuwa nazo tangu siku mbili nyuma. Yule kijana mrefu alikuwa amempigia simu, kwa heshima zote, kumwuliza wazee wa timu yetu ni watu wa namna gani na kama uwanja wetu unateleza. Kijana wa miaka 20 alikuwa ameona ni lazima kumwuliza, na sisi watano hatukuona.

"Mngeniuliza," akasema.

"Ungesema nini, Kapteni?"

Alikula kijiko kimoja kabla ya kujibu. Alisema goti lile halikuwa na msimu mwingine ndani yake, hilo alilijua mwaka mzima kabla ya sisi kulijadili. Alikuwa akingoja mtu wa timu amwambie akae benchi afundishe watoto. Hakupenda kuliomba mwenyewe, kwa sababu mchezaji akiomba benchi watu husema amevunjika moyo. Akacheza na maumivu, sisi tukidhani anang'ang'ania. Kisha akaongeza, akitazama sahani, kwamba posho ya klabu ile itamsaidia karo ya watoto wawili, hivyo nisiende nikajilaumu kana kwamba nimemfukuza. Angekwenda, au angebaki, mojawapo. Lakini angependa kuwa chumbani.

Nilitaka kulipa. Alikuwa amekwisha kulipa.

Wasomaji watataka kujua kama mabadilishano yalitufaa. Yule kijana mwenye mbio alicheza nasi miezi minne, kisha akapata kazi ya ulinzi katika nchi za Ghuba, kama vijana wetu wengi wanavyofanya, akaenda. Simlaumu, sisi tulimpa nauli ya bodaboda. Yule mrefu alibaki, anajitahidi, ananyakua mipira mingi inayorudi ubaoni, ingawa kwa muda mrefu hakujua kusimama akiipa pete mgongo. Mwisho wa msimu tulikuwa katikati ya jedwali, palepale tulipokuwa mwaka uliotangulia. Mtunza hazina analionyesha jedwali lile kuthibitisha kwamba tulifanya sawa, na mwenyekiti analionyesha lilelile kuthibitisha kwamba tulikosea.

Mimi naona haya. Timu ina haki ya kumtoa mchezaji wake mkongwe, awe nyota kiasi gani, na wanaosema ni usaliti hawajapata kukaa na daftari la mapato na matumizi. Laiti tungemwita na akakubali, ningeipiga kura ileile tena bila kupepesa macho. Wala haikuwa lazima njia ziwe mbili tu, abaki acheze au aende. Denis Onyango, mlinda mlango wetu, aliichezea Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini hadi kutwaa ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 2016. Mwaka 2022 klabu yake ilimleta Ronwen Williams kushika goli, naye Onyango, akiwa na miaka 37, hawakumwondoa. Alibaki nyuma ya mwenzake. Na timu ya taifa aliiaga mwenyewe, mwezi wa Aprili 2021, kwa kinywa chake, si kwa barua ya katibu. Katika kurasa zangu nne njia ya tatu haikuandikwa kwa sababu mtu pekee aliyeijua hakualikwa.

Kuhusu shule, yule mwalimu kijana ameniomba mara mbili madaftari yangu ya kufundishia ushairi. Ya kwanza nilimwambia yako nyumbani. Ya pili nilimwambia hivyohivyo. Bado yako nyumbani.

Mwezi wa Septemba mwaka uleule tulicheza na klabu ile mpya, kwenye uwanja wetu. Nahodha alikaa benchi robo tatu nzima, amevaa jezi ya rangi ambayo macho yangu yalikataa kuizoea, akiwanong'oneza vijana kila walipotoka. Watu wetu walimpigia makofi alipoingia robo ya nne, kisha wakajuta, kwa maana aliwatuliza wale watoto kama alivyokuwa akitutuliza sisi. Mara mbili alitazama kushoto na mpira ukaenda kulia. Tulishindwa kwa pointi tatu, mbili kati ya hizo zikiwa za mitupo yake huru ya mwisho, aliyoipiga mguu wa kulia ukitetemeka.

Watu walipotawanyika nilibaki kukusanya mipira kwenye gunia, kazi ambayo katibu huachiwa. Giza lilikuwa linaingia. Nikasikia mpira unadundishwa upande wa pili, nikadhani ni watoto wa mtaani. Alikuwa yeye, amekwisha kufungua kitambaa cha goti, na yule kijana wetu mrefu amesimama mbele yake ameipa pete mgongo. Nahodha alikuwa ameinama, amemshika kijana kiatu kwa mikono miwili, anamgeuzia mguu kidogo kidogo, hapana, si hivyo, rudi, tena, kisigino kwanza. Kijana alizunguka, akarusha, mpira ukagonga pete ukatoka. Nahodha akaninyooshea mkono bila kugeuka, nami nikatoa mpira mwingine gunia nikamrushia.